Chupa Tupu na Mto Mkondoa: Kazi za Mikono za Likizo kwa Wanafunzi wa Kilosa na Mikumi

Kila mwaka, mwanzoni mwa Desemba, shule za sekondari hufungwa na wanafunzi hutawanyika. Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, baadhi yao hurejea Kimamba na Rudewa kwenye ardhi ya tambarare. Wengine hupanda kwenda vijiji vya milima ya Ukaguru. Wengine huenda Kidete kando ya reli ya kati. Na wengine huelekea kusini, Ulaya, Zombo na Mikumi. Majuma hayo ya likizo ndiyo majuma ambayo mara nyingi mvua huwa zimekwisha kuanza, na mito inayoteremka kutoka milimani huanza kubadili rangi.

Kwa mtu wa kawaida, kutawanyika huko ni jambo la kifamilia tu. Kwa mwanasayansi ni fursa adimu. Wanafunzi waliokaa darasa moja kwa miezi kadhaa, waliofundishwa kupima kwa njia moja na kuandika kwa utaratibu mmoja, sasa wamesambaa katika eneo lote ambalo maji yake huishia katika mto mmoja. Kama kila mmoja wao angekuwa na chombo cha kupimia mvua, wilaya ingepata vituo vingi vya hali ya hewa kwa wakati mmoja. Chombo hicho hakihitaji kununuliwa. Kimetupwa kando ya barabara.

Makala hii inaeleza kazi tatu za mikono ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanya wakati wa likizo kwa kutumia chupa za plastiki zilizokwisha kazi: kipima mvua, kielelezo cha mmomonyoko wa udongo, na chupa ya kusafishia maji kwa jua. Kazi hizo ni rahisi, na watoto wa shule za msingi wanaweza kushiriki chini ya uangalizi wa kaka na dada zao. Hata hivyo si michezo tu. Zote tatu zinahusu jambo ambalo wakazi wa Kilosa wamelijua kwa uchungu, nalo ni mafuriko.

MTO UNAOLETA MAJI YA MBALI

Mji wa Kilosa umejengwa kando ya mto Mkondoa. Mto huo haukusanyi maji ya Kilosa peke yake. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka mbali, katika nchi kavu ya Mkoa wa Dodoma, yakiletwa na mto Kinyasungwe unaopita Gulwe na Godegode. Mengine huteremka kutoka milima ya Ukaguru na Rubeho. Baada ya kupita Kilosa, maji hayo huungana na mto Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Mto Mkata, unaopita katika tambarare ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, nao ni sehemu ya mtandao huohuo wa Wami.

Kutokana na hali hiyo, inawezekana kabisa anga la mji wa Kilosa liwe jeupe ilhali mto unajaa. Mvua iliyonyesha usiku katika milima ya juu hufika mjini baada ya saa kadhaa, na humkuta mtu ambaye hakuona hata wingu.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mapema Januari 2010, mvua kubwa ilisababisha Mkondoa kuvunja tuta lililokuwa likiukinga mji. Zaidi ya watu 20,000 walilazimika kuyahama makazi yao, na wengi waliishi katika mahema kwa muda mrefu. Reli ya kati, ambayo kati ya Kilosa na Gulwe hupita katika bonde la mto huo, iliharibiwa vibaya na safari za treni zikasimama. Januari 2014 zamu ikawa ya upande wa kaskazini mwa wilaya: mafuriko yaliikumba Magole, na daraja la Dumila katika barabara ya Morogoro hadi Dodoma likaharibika.

Maafa ya namna hiyo hayazuiwi na chupa ya plastiki. Lakini hatua ya kwanza ya kukabiliana na mafuriko ni kujua mvua inanyesha wapi, kwa kiasi gani, na siku zipi. Ujuzi huo hupatikana kwa kupima, na kupima kunaweza kufanywa na kijana wa kidato cha kwanza.

CHUPA ZINATOKA WAPI

Barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilometa 50 hivi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na leo ina eneo la kilometa za mraba 3,230. Mamia ya mabasi na malori hupita humo, na kutupa taka kutoka katika vyombo hivyo ni kosa linalotozwa faini. Sababu yake si usafi wa macho tu. Nyani hujifunza upesi kwamba kando ya barabara kuna mabaki ya vyakula na vinywaji; wakizoea kuvifuata hugongwa na magari, na hupoteza tabia yao ya kujitafutia riziki porini. Chupa isiyookotwa huchukuliwa na maji ya mvua hadi mtoni, na mto huipeleka baharini.

Mwanafunzi hana haja wala ruhusa ya kuingia hifadhini kuokota chupa, na haimpasi kabisa kuokota pembezoni mwa barabara kuu yenye magari ya kasi. Chupa zinapatikana kwa wingi katika mji wa Mikumi penyewe, kwenye migahawa na vituo vya mabasi, na vivyo hivyo katika stesheni na masoko ya Kilosa. Inatosha kuziomba kabla hazijatupwa.

Chupa nyingi za maji ya kunywa zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo polietilini tereftalati, ambayo kwa ufupi huandikwa PET. Plastiki hiyo ilivumbuliwa nchini Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, ambao nia yao ilikuwa kupata nyuzi za nguo. Chupa ya PET yenyewe ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1973, kwa jina la mhandisi Nathaniel Wyeth. Chupa ya PET hutambulika kwa namba 1 iliyopigwa ndani ya alama ya pembetatu, aghalabu kwenye kitako.

Kuna jaribio dogo la kuanzia. Kipande cha ukuta wa chupa kikatwe na kutumbukizwa majini pamoja na kifuniko chake. Kipande huzama, kifuniko huelea. Ukuta na kifuniko ni plastiki mbili tofauti: msongamano wa PET ni takriban gramu 1.38 kwa kila sentimeta ya ujazo, hivyo ni nzito kuliko maji, ambapo kifuniko hutengenezwa kwa plastiki nyepesi kuliko maji. Viwanda vinavyotumia tena plastiki hutenganisha aina hizo mbili kwa njia iyo hiyo, yaani kwa kusaga chupa na kuzitia majini.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Katazo hilo halikuhusu chupa, na kwa hiyo chupa bado ni nyingi. Kuichoma si suluhisho, kwani moshi wa plastiki una sumu. Kuitumia upya, na hatimaye kuiuza kwa wakusanyaji wa chupa, ni bora zaidi.

Jambo moja lizingatiwe bila kulegezwa: chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, mafuta ya taa au kemikali yoyote isitumiwe katika kazi hizi, hata kama imeoshwa mara kumi.

KAZI YA KWANZA: KIPIMA MVUA

Kupima mvua ni elimu ya kale. Nchini Korea, mnamo mwaka 1441, katika utawala wa Mfalme Sejong, vyombo vya kupimia mvua vya kipimo kimoja viligawiwa mikoani ili serikali ijue hali ya mazao. Kanuni iliyotumika wakati huo haijabadilika. Mvua hupimwa kwa kina, yaani kimo ambacho maji yangefikia juu ya ardhi kama yasingetiririka, yasingenywewa na udongo wala kukauka. Kina cha milimeta 1 juu ya eneo la meta 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji.

Vifaa vinavyohitajika ni chupa moja ya lita 1.5 yenye ukuta ulionyooka, mkasi au kisu kikali, rula, kalamu ya wino usiofutika, utepe wa gundi, na changarawe safi kiasi cha konzi mbili. Kazi ya kukata ifanywe na mwanafunzi mkubwa au mzazi.

1. Chupa ikatwe kwa kuizunguka mahali ambapo bega lake linakwisha na ukuta ulionyooka unaanza. Kingo zilizokatwa zifunikwe kwa utepe wa gundi zisije zikajeruhi vidole.

2. Changarawe zitiwe kitakoni. Kazi yake ni mbili: kuipa chupa uzito isiangushwe na upepo, na kujaza sehemu ya chini ambayo haikunyooka.

3. Mstari wa sifuri uchorwe juu kidogo ya changarawe, mahali ambapo ukuta umekwisha kunyooka. Rula isimamishwe hapo, na alama zipigwe kwa kila milimeta 5 kwenda juu.

4. Sehemu ya juu iliyokatwa iondolewe kifuniko, igeuzwe shingo chini, na ichopekwe mdomoni mwa chupa kama faneli. Faneli hiyo hupunguza maji yanayopotea kwa kukauka, na huzuia majani yasiingie.

5. Maji yamiminwe hadi yafike hasa kwenye mstari wa sifuri. Chombo kiko tayari.

Swali ambalo mwalimu hana budi kuliuliza darasani ni hili: kwa nini rula ya kawaida inafaa, na kwa nini faneli haiongezi kipimo? Jibu lipo katika upana. Mdomo wa faneli umekatwa kutoka chupa ileile, kwa hiyo upana wake ni sawa na upana wa chupa. Maji yaliyoingia kupitia eneo fulani yanakusanyika juu ya eneo lilelile, na kina chake hakibadiliki. Kama faneli ingekuwa na kipenyo mara mbili ya kile cha chupa, eneo lake lingekuwa mara nne, na kina kinachosomwa kingekuwa mara nne ya mvua halisi.

Chupa nyingi za siku hizi zina mikunjo au kiuno chembamba, na rula haziwezi kuzipima kwa usahihi. Katika hali hiyo maji hupimwa kwa ujazo. Bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la mililita 10, linalouzwa katika duka la dawa, hutosha. Chupa iachwe tupu bila changarawe, ifungwe kwenye mti mfupi uliosimamishwa ardhini, na maji yaliyokusanyika yavutwe na kuhesabiwa. Kisha hesabu ifanywe hivi:

Kina cha mvua kwa milimeta = mililita za maji × 10 ÷ eneo la mdomo kwa sentimeta za mraba.

Kwa mfano, mdomo wenye kipenyo cha sentimeta 9 una eneo la 3.14 × 4.5 × 4.5, yaani sentimeta za mraba 63.6. Yakikutwa maji mililita 159, mvua ilikuwa 159 × 10 ÷ 63.6, sawa na milimeta 25.

Mahali pa kuweka chombo ni muhimu kuliko uzuri wake. Kiwekwe mahali pa wazi, mdomo ukiwa umelala sawa, sentimeta 30 hivi kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka udongoni yasiingie. Umbali kutoka mti au nyumba uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho: mwembe wa meta 8 uachiwe meta 16. Chombo kilichowekwa chini ya mchirizi wa bati hakipimi mvua, kinapima paa.

Usomaji ufanywe kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vipima mvua vyao. Mwanafunzi aandike tarehe, kina, na neno fupi kuhusu mvua ilivyonyesha: ya manyunyu, ya radi, ya usiku kucha. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Isiachwe wazi, kwa kuwa nafasi iliyo wazi haielezi kama mvua haikunyesha au msomaji alilala. Baada ya kusoma, maji yarudishwe kwenye mstari wa sifuri. Yakiachwa kupungua kwa jua, mvua ndogo itakayofuata haitaonekana kabisa. Kubadilisha maji hayo kila siku chache kunazuia pia mbu wasizaliane chomboni.

Kabla ya kufunga shule, vyombo vyote vya darasa viwekwe pamoja uwanjani kwa mvua moja au mbili. Vikitofautiana kwa milimeta 1 au 2, hilo ni jambo la kawaida. Kikiwapo kimoja kinachotofautiana sana na vingine, sababu itafutwe: pengine kimeinama, au faneli yake imekatwa vibaya. Somo hilo la makosa ya upimaji lina thamani sawa na mvua yenyewe.

KUTOKA CHUPA MOJA HADI RAMANI

Chupa moja haisemi mengi. Chupa thelathini zilizosambaa kutoka Kidete hadi Mikumi husema mambo ambayo hakuna mtu mmoja anayeyaona.

Ichukuliwe kwamba asubuhi moja chupa ya mjini Kilosa inasoma milimeta 3, ya Kimamba milimeta 0, na ya kijiji kimoja cha Ukaguru milimeta 60. Milimeta 3 hazimtishi mtu. Lakini milimeta 60 juu ya kilometa 1 tu ya mraba ni lita milioni 60. Zikianguka juu ya mlima wote, na sehemu kubwa isinywewe na udongo, ni wazi kwamba mto utabadilika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huihesabu kuwa mvua kubwa ile inayozidi milimeta 50 katika saa 24.

Mwalimu wa jiografia anaweza kuandaa ramani ya wilaya ukutani. Shule ikifunguliwa Januari, vipimo vya siku moja vinaandikwa mahali pake, na sehemu zenye mvua sawa zinaunganishwa kwa mstari. Mwalimu wa hisabati atapata humo wastani, jumla na grafu. Mwaka wa kwanza ramani itakuwa ya mazoezi. Ikiendelezwa miaka mitano au kumi, kwa vyombo vilevile na saa ileile, itakuwa kumbukumbu yenye manufaa kwa mkulima, kwa mhandisi wa madaraja na kwa shule yenyewe.

Mipaka ya kazi hii nayo ielezwe waziwazi. Chombo kinachosomwa mara moja kwa siku hakiwezi kutoa onyo la mafuriko ya ghafla. Onyo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa na kutangazwa kwa redio na kupitia serikali za vijiji, na linapotolewa lifuatwe mara moja. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kutoka nje usiku wa radi, au kusogelea mto uliofura, kwa ajili ya kipimo chochote. Lakini mwanafunzi wa milimani akiona asubuhi kwamba chombo chake kimepokea mvua isiyo ya kawaida, ujumbe wa simu ya mzazi kwa mwalimu au kwa ofisa mtendaji aliye bondeni ni jambo la busara lisilogharimu kitu.

KAZI YA PILI: KIELELEZO CHA MMOMONYOKO

Kiasi cha mvua ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ardhi inayoipokea. Milima miwili inaweza kupata mvua sawa, mmoja ukatoa kijito cheupe na mwingine kijito cha matope. Matope hayo hutulia bondeni ambako mteremko ni mdogo. Kitanda cha mto hupanda, nafasi ya maji hupungua, na mvua ambayo zamani ingepita salama sasa hufurika.

Jambo hilo laweza kuonyeshwa kwa chupa tatu za aina moja. Kila chupa ilazwe ubavu, na dirisha refu likatwe upande wa juu. Udongo wa aina moja na kiasi kimoja utiwe katika zote tatu na kushindiliwa kidogo, usifike kwenye shingo. Chupa ya kwanza iachwe na udongo mtupu. Ya pili itandazwe majani makavu. Ya tatu ipandwe mbegu za ulezi au mtama kwa wingi, na inyunyiziwe maji kwa majuma mawili au matatu mpaka mizizi ishikane. Kwa sababu hiyo, chupa ya tatu ianze kutayarishwa mapema.

Siku ya jaribio, chupa zote ziwekwe juu ya ubao, vitako vikiinuliwa kwa vipande vya tofali ili mteremko uwe mmoja. Chini ya kila shingo kiwekwe kikombe kilichokatwa kutoka kitako cha chupa nyingine. Mvua hutengenezwa kwa chupa ndogo ambayo kifuniko chake kimetobolewa matundu kwa sindano. Kila chupa inyunyiziwe nusu lita, polepole na kwa muda uleule.

Mambo manne yaandikwe: ni kikombe kipi kimepata maji kwanza, kina maji kiasi gani, yana rangi gani, na baada ya kuachwa usiku mmoja, matope yaliyotulia chini yana kina gani. Kwa kawaida udongo mtupu hutoa maji mapema, mengi na mekundu. Majani makavu huvunja nguvu ya tone kabla halijaupiga udongo. Mizizi huushika udongo na kufungua njia za maji kwenda chini, hivyo maji hutoka kwa kuchelewa na yakiwa meupe zaidi. Kuchelewa huko ni jambo la maana sana kwa mji ulio bondeni: maji yaleyale yakifika kwa muda mrefu zaidi, kilele cha mto huwa kifupi.

Wanafunzi wa Kilosa hawana haja ya kwenda mbali kuona kielelezo hicho katika umbo lake kubwa. Mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, na misitu iliyokatwa bila mpango kwa ajili ya mkaa, ni chupa ya kwanza. Wilaya hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Mwaka 2012 ulianza mradi wa mkaa endelevu katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, ukiendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, yaani Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania. Katika mpango huo, sehemu maalumu ya msitu wa kijiji hugawanywa katika vipande vinavyokatwa kwa zamu ndani ya mzunguko wa miaka 24, ili visiki vichipue na kukua kabla ya kukatwa tena, na sehemu kubwa ya msitu huachwa ikihifadhiwa.

KAZI YA TATU: CHUPA YA JUA

Maji ya mafuriko yakipungua, hatari nyingine hubaki. Visima hufunikwa, vyoo hufurika, na maji ya kunywa huchanganyika na uchafu unaoleta kuhara na kipindupindu. Kuni huwa zimelowa, na kuchemsha maji huwa kazi. Hapa chupa ya PET ina manufaa ya tatu.

Katika miaka ya mwisho ya 1970, Profesa Aftim Acra na wenzake katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanoni, walionyesha kwamba maji yaliyowekwa katika chombo kinachopitisha mwanga na kuanikwa juani hupoteza vijidudu vingi vya maradhi. Tangu mwaka 1991, wataalamu wa taasisi ya Eawag nchini Uswisi waliendeleza utafiti huo hadi kuwa njia ya nyumbani, na leo Shirika la Afya Duniani huitambua miongoni mwa njia za kutibu maji ya kunywa. Kinachofanya kazi ni sehemu ya mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haiioni, ikisaidiwa na joto. Mionzi hiyo huharibu chembe hai za vijidudu. Kilosa, iliyopo karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, haina upungufu wa jua mvua zikikatika.

Utaratibu wake ni huu. Chupa ya PET isiyo na rangi, isiyozidi lita 2 na isiyochubuka, ivuliwe karatasi yake na kuoshwa. Maji yawe maangavu. Kuyapima, chupa iliyojaa isimamishwe juu ya gazeti, na mtu atazame chini kupitia mdomo wake: kichwa cha habari kikisomeka, maji yanafaa, kisiposomeka, yaachwe yatulie na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza. Chupa ijazwe robo tatu, itikiswe kwa sekunde 20 ili hewa ichanganyike na maji, kisha ijazwe kabisa na kufungwa. Ilazwe juu ya bati kuanzia asubuhi. Jua likiwa kali, saa 6 zinatosha. Mawingu yakifunika nusu ya anga au zaidi, chupa ianikwe siku mbili mfululizo. Maji yahifadhiwe katika chupa ileile mpaka yatakaponywewa, yasije yakachafuliwa upya.

Siku za mvua ya mfululizo njia hii haifai, na hapo hakuna budi kuchemsha maji au kutumia dawa ya klorini kama wataalamu wa afya wanavyoelekeza. Wala jua haliondoi kemikali na sumu majini. Njia inayojulikana mipaka yake ni salama kuliko njia inayosifiwa kwa kila jambo.

WAJIBU WA MWALIMU NA MWANAFUNZI

Kazi hizi tatu zinafuata njia ya maji yenyewe. Kipima mvua hukutana nayo yakianguka, kielelezo cha mmomonyoko huyaangalia yakiteremka, na chupa ya jua huyatengeneza yafae kinywani. Mwalimu anayezigawa kabla ya likizo hahitaji maabara, na shule isiyo na maabara haina udhuru wa kutopima.

Inafaa kila shule ianze na darasa moja, vyombo vichache, na daftari moja kubwa litakalotunzwa ofisini. Majina ya vijiji yaandikwe kwa usahihi, na kila daftari la likizo likaguliwe Januari kama mtihani unavyokaguliwa. Wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne wawakabidhi vyombo wadogo zao, ili kijiji kisikose msomaji.

Wazee wa Kilosa hukumbuka miaka ya mafuriko kwa kutaja nyumba zilizokwenda na tuta lililovunjika. Kumbukumbu hiyo ni ya thamani, lakini haisemi ni milimeta ngapi zilinyesha milimani, wala ni siku ngapi kabla. Kizazi kinachosoma sasa kinaweza kuziandika namba hizo mwaka baada ya mwaka, kwa rula, kalamu na chupa ambayo abiria aliitupa baada ya kukata kiu yake.